Sahani bila nyama: namna ya kulisha jamaa vizuri na mavuno ya shamba letu



Katika mikutano ya vijiji swali moja linarudi kila mara: «Ng'ombe zimekwisha, mbuzi wameibiwa, samaki bei iko juu. Je, mtu anaweza kuwa na afya bila kula nyama?» Wengine wanauliza kwa sababu imani yao inawakataza nyama. Wengine, na ndio wengi, wanauliza kwa sababu mfuko hauruhusu. Jibu letu ni moja kwa wote: ndiyo, inawezekana, lakini si kwa kula bugali na chumvi. Kuacha nyama ni kitu kimoja, kukosa chakula cha kujenga mwili ni kitu kingine.

Kosa letu la kwanza: tulihesabu kilo zilizouzwa tu

Tuanze na sisi wenyewe. Kwa muda mrefu, kila tulipotembelea ushirika, tuliuliza: «Mumeuza kilo ngapi?» Hatukuuliza: «Mumebakiza kilo ngapi nyumbani?» Basi watu wakaleta maharagi yote kwa depo siku ya kukusanya mazao. Miezi mitatu nyuma yake tuliwakuta wanachama walewale sokoni, wananunua maharagi kwa bei ya juu kuliko ile waliyouzia. Wengine hawakununua kabisa. Na tulianza kuona watoto wenye miguu iliyovimba, nywele zimebadilika rangi, hawataki kucheza. Kila mama wa Kivu anajua jina la ugonjwa ule: bwaki. Mtoto wa bwaki anaweza kuwa anashiba kila siku. Tumbo limejaa muhogo, lakini mwili hauna cha kujengea.

Juu ya nini bugali peke yake haitoshi?

Tupime kwa mizani. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, chakula cha kujenga mwili (proteini) ni gramu 1 hadi 2 tu. Unga wa mahindi uko na karibu 8. Maharagi makavu yako na zaidi ya 20, karanga karibu 25, na soya inapita 35. Ndiyo maana tunasema soya ni nyama ya shamba.

Lakini proteini ya mmea mmoja haiko kamili. Maharagi yana upungufu wa sehemu fulani, na mahindi yanayo sehemu ile. Mahindi nayo yana upungufu ambao maharagi yanaujaza. Vikikutana katika siku moja, kila kimoja kinamaliza deni la mwenzake. Bibi zetu walijua hii bila kusoma: mahindi na maharagi katika chungu kimoja, sombe yenye karanga, mutama na soya katika uji. Si lazima uchanganye katika sahani moja. Siku moja inatosha.

Soya: nzuri, lakini si mbichi

Hapa pia tuseme ukweli. Katika kijiji kimoja tulifundisha wamama kusaga soya ya uji, lakini hatukusisitiza kuipika kwanza. Watoto wakaharisha, na wamama wakasema soya ni sumu. Si sumu, ila soya mbichi iko na kitu kinachozuia tumbo kusaga proteini. Moto unakiharibu. Basi fanya hivi:

1. Chagua mbegu, toa mawe na zile zilizooza.
2. Zitie katika maji yanayochemka tayari, ziache zichemke dakika 20 hadi 30.
3. Osha, sugua, toa maganda.
4. Anika kwenye jua mpaka zikauke kabisa.
5. Kaanga kidogo mpaka zinukie, bila kuziunguza, kisha saga.

Kwa uji wa mtoto aliyepita miezi 6, changanya vikombe vitatu vya unga wa mahindi au mutama na kikombe kimoja cha unga wa soya. Ni jamaa ya ule uji ambao wengi wanaita masoso. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese au karanga iliyosagwa. Mtoto aendelee kunyonya. Kabla ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake yanatosha.

Damu: chuma, ndimu na kahawa

Mama mjamzito anayechoka haraka, mwenye kizunguzungu na macho meupe, mara nyingi damu yake ni kidogo. Chuma cha nyama kinaingia mwilini kwa urahisi; chuma cha maharagi na majani kinaingia kwa shida. Lakini tunaweza kukifungulia mlango. Kula tunda kali pamoja na chakula: ndimu, chungwa, mapera, marakuja, au kamulia ndimu juu ya lengalenga wakati wa kula. Loweka maharagi usiku kucha, na mwaga maji yale. Yataiva haraka, kuni zitapungua, na chuma kitapatikana vizuri zaidi.

Na kuna kitu kinachofunga mlango ule: chai na kahawa. Sisi walimaji wa kahawa hatuwezi kusema mutupe kahawa! Tunasema tu: usiinywe pamoja na chakula. Acha ipite saa moja au zaidi.

Tena kuna maharagi yaliyochaguliwa kwa sababu ya wingi wa chuma chake. Watafiti wa INERA walifanya kazi hiyo, na aina kama HM 21-7, COD MLB 001 na Nain de Kyondo zinajulikana kwa walimaji wa Kivu. Yanalimwa na kupikwa kama mengine. Ushirika ukiagiza mbegu, uulize aina hizo. Lakini mama mjamzito asiache dawa ya chuma anayopewa kwa kituo cha afya. Maharagi yanasaidia dawa. Hayachukui nafasi yake.

Rangi katika sahani

Macho ya mtoto yanahitaji vitamini A. Tunayo bila kununua sana: mafuta mekundu ya mawese, viazi vitamu vya rangi ya karoti, papayi, maboga, sombe, matembele, bisusa, lengalenga. Usiunguze mawese mpaka yawe meupe. Rangi ile nyekundu ndiyo dawa yenyewe. Majani yapike na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini hii haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Chumvi iwe ya iyodi, ifungwe vizuri katika chombo, na itiwe mwisho wa kupika, ili kuepuka ugonjwa wa rovu shingoni.

Angalia muhogo mchungu

Jamaa isiyo na nyama wala maharagi iko katika hatari nyingine. Muhogo mchungu una sumu, na mwili unahitaji proteini ili kuitoa. Muhogo usiolowekwa vizuri ukikutana na mtu asiyekula proteini, miguu inaweza kulemaa kwa ghafla na isipone tena. Ni konzo, neno la Kiyaka linalosema juu ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938 kule Kwango. Kule Bandundu, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, watu walipunguza siku za kuloweka ili wauze haraka, na konzo ikaongezeka. Soko liliharakisha, miguu ya watoto ikalipa.

Loweka mizizi siku tatu hadi nne, mpaka ilainike. Kama una mashaka na unga, tumia njia hii: tia unga katika beseni, weka alama mahali unapofika. Ongeza maji huku ukikoroga mpaka urudi kwenye alama ile. Utandaze juu ya kitambaa au lungo safi, unene usipite sentimeta moja, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka na hewa. Pika bugali siku ileile. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemke bila kufunikwa, kwa muda mrefu.

Kitu kimoja ambacho shamba halitoi

Tusidanganye mtu. Vitamini B12 haipatikani katika mimea tunayolima. Mwili unaweza kuweka akiba ya miaka, lakini ikiisha, damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika: ganzi miguuni, kusahau, kutembea kwa shida. Anayekula yai, maziwa, au sambaza na ndagala kidogo, anaipata. Asiyetaka kabisa kitu cha mnyama, aongee na muganga apate vidonge vya B12. Mama anayenyonyesha asingoje. Na kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2, yai moja au kijiko cha ndagala iliyosagwa katika uji ni bora, kama jamaa inakubali. Kama haikubali, mtoto apimwe uzito kila mwezi bila kukosa.

Hesabu kabla ya depo

Sasa turudi kwa kilo. Jamaa ya watu 6, kila mtu gramu 100 za maharagi makavu kwa siku: ni gramu 600. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 18. Toka mavuno ya msimu mmoja mpaka ya msimu mwingine, tuseme miezi 5: kilo 90. Hiyo ndiyo sehemu ya nyumba. Itolewe kwanza, ikaushwe vizuri, ifungwe, na ufunguo ubaki kwa mama. Mbegu zitolewe ya pili. Kinachobaki ndicho cha depo. Asiyefikisha kilo 90 aanze na 45, na aongeze mistari miwili ya soya au karanga pembeni ya shamba.

Tumeomba wakubwa wa kila ushirika waongeze safu moja katika daftari: kilo zilizobaki nyumbani. Sisi pia, tutakapofika tena, tutauliza swali hilo kwanza.