Kigoda cha Vyuma Chakavu na Suala la Kujitegemea

Katika karakana za Dar es Salaam, kama zile za Gerezani, vyuma chakavu hugeuzwa kuwa vitu vya nyumbani. Chukua kigoda. Mabaki ya nondo hukatwa, hupindwa na kuchomelewa kuwa miguu. Tyubu kuukuu huchanwa na kusukwa kuwa kikalio. Tunajifunza kwamba chakavu hupata thamani mpya kwa jasho la mtu.

Lakini tusijidanganye. Fundi anayekodi mashine ya kuchomelea, kisha akauza kwa bei ya mlanguzi, bado hajajitegemea. SIDO iliundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Wajibu wetu ni kuwahimiza mafundi wamiliki nyenzo zao kwa ushirika. Ufundi wanao tayari. Kinachowapotea ni matunda yake.