Kumbukumbu za Kesi na Jinsi ya Kuziomba

Nataka kuwaeleza wasomaji jambo moja lisilofundishwa darasani, lakini ambalo vijana wengi watakutana nalo siku watakapotafuta kazi. Jambo lenyewe ni hili: mtu akishtakiwa kwa kosa la jinai, habari zake huandikwa na kuwekwa, na mwenyewe ana haki ya kuziomba, kuzisoma, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Nitaeleza mambo ya Kenya, maana ndiko nilikozaliwa, na ndiko nilikoyaona haya kwa macho yangu. Baadhi ya wanafunzi wetu wametoka huko. Wengine nao watafaidika, kwa kuwa taratibu za hapa Uganda hazipishani sana na zile.

Kwanza nieleze jinsi nilivyoingia katika habari hii. Mwaka 2017 mdogo wangu alikamatwa kwa kosa la kuiba baiskeli. Alipelekwa mahakamani, akalipiwa dhamana, akawa anahudhuria kesi. Baada ya miezi michache mwenye baiskeli aliiona kwa mpwa wake mwenyewe. Akaona haya, akaenda mbele ya hakimu akaomba kuondoa malalamiko yake. Hakimu akakubali, na mdogo wangu akaachiliwa huru. Tulirudi nyumbani tukafurahi, tukala kuku, tukadhani mambo yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Mwaka 2023 alipata kazi ya udereva katika kampuni moja ya uchukuzi. Akaambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka polisi katika muda wa siku 14. Cheti kilipotoka kilionyesha kwamba ana kesi ya wizi mahakamani, na kwamba mwisho wake haujulikani. Akanipigia simu usiku akasema, "Kaka, niliachiliwa mbele yenu wote. Sasa nitawaonyesha nini hawa?" Sikuwa na jibu. Nikaomba ruhusa shuleni, nikavuka mpaka kwenda kumsaidia.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba kumbukumbu hizi haziwekwi mahali pamoja. Ziko mahali patatu, na kila mahali pana kazi yake.

Mahali pa kwanza ni kituo cha polisi. Kila jambo linaloletwa kituoni huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho watu wote Kenya hukiita OB, na hupewa nambari na tarehe. Mtu aliyeibiwa, aliyepigwa, au aliyekamatwa, wote habari zao huanzia katika kitabu hicho.

Mahali pa pili ni mahakama iliyosikiliza kesi. Huko kuna chumba kiitwacho masjala, na ndani yake mna majalada ya kesi. Katika jalada mna hati ya mashtaka, maneno ya mashahidi, na maandishi ya hakimu tangu siku ya kwanza hata siku ya hukumu. Jalada ndilo linaloeleza jinsi kesi ilivyokwisha. Yafaa kukumbuka kwamba jalada hubaki katika mahakama ile ile iliyosikiliza kesi. Ukienda mahakama ya mji mwingine, watakuambia hawakujui.

Mahali pa tatu ni Nairobi, katika makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, yaani DCI, yaliyo barabara ya Kiambu. Huko ndiko ziliko alama za vidole vya watu walioshtakiwa katika nchi nzima, na huko ndiko vyeti vya tabia njema vinakotoka.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini vidole, wala si majina? Sababu ni kwamba watu wengi huwa na jina moja, na mtu aweza kubadili jina lake, lakini mistari ya vidole vyake haibadiliki. Utaratibu wa kupanga alama hizo ili ziweze kutafutwa upesi ulitungwa huko Bengal, India. Watu wawili wa huko, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, waliufanyia kazi kubwa chini ya mkuu wao wa polisi, Edward Henry. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Kolkata mwaka 1897, na polisi wa London wakafungua yao mwaka 1901. Wazee wa Kenya waliufahamu utaratibu huu kwa uchungu. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukuliwa alama za vidole na kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Siku hizi vidole vya mwombaji wa cheti huchukuliwa kwa sababu nyingine: ili asije akabebeshwa makosa ya mtu mwenye jina kama lake.

Sasa nieleze namna ya kuomba cheti. Mwombaji huanza katika mtandao wa serikali uitwao eCitizen. Hufungua akaunti kwa nambari ya kitambulisho chake, huchagua huduma za DCI, hujaza fomu, na hulipa kwa simu. Sisi tulilipa shilingi 1,050 za Kenya. Kisha huchapisha fomu iitwayo C24 pamoja na stakabadhi ya malipo. Hizo huzichukua pamoja na kitambulisho chenyewe, si nakala peke yake, na kwenda kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Aweza kwenda makao makuu Nairobi, au katika kituo cha Huduma kilicho karibu naye. Baada ya hapo hungoja. Msiamini mtu asimamaye mlangoni na kusema kwamba atawapatia cheti leo leo kwa malipo kidogo. Cheti cha namna hiyo chaweza kuwa cha uongo, na mwenye kukitumia atakuwa ametenda kosa alilokuwa akionyesha kwamba hakulitenda.

Cheti hiki humhusu mwenyewe tu. Huwezi kumwombea jirani yako ili ujue siri zake, wala mwajiri hawezi kukuchukulia vidole kwa nguvu. Mwajiri hukuambia ulete, nawe ndiwe uombaye.

Kuomba nakala ya jalada la mahakama ni kazi nyingine, na hapo ndipo sisi tulipohangaika. Tulifika masjala asubuhi na mapema, tukampa karani jina la mdogo wangu. Karani, mama wa makamo, akatutazama akasema, "Mwalimu, jina halitoshi. Mwaka ule tulipokea kesi nyingi sana. Niletee nambari ya kesi." Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumetupa karatasi zote, tukidhani ni uchuro kuziweka nyumbani.

Tukaenda kituo cha polisi kutafuta nambari ya OB. Askari aliyekuwa zamu akasema vitabu vya mwaka ule vimehamishwa. Tukarudi nyumbani hali tumechoka. Mama alipotusikia tukisemezana, akanyanyuka bila neno, akaenda chumbani, akarudi na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vyeti vyetu vya ubatizo, na chini yake nakala ya stakabadhi ya dhamana ya mwaka 2017. Juu ya stakabadhi ile nambari ya kesi ilikuwa imeandikwa, pamoja na mwaka na jina la mahakama. Siku ile nilielewa maana ya wazee waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kesho yake karani alifungua daftari la mwaka 2017, akapata kesi, akamtuma kijana ghalani. Tuliandika barua fupi ya maombi. Barua ya namna hiyo yapasa kueleza mambo matano: jina lako na nambari ya kitambulisho, nambari ya kesi na mwaka, jina la mshtakiwa, karatasi unazozitaka, kwa mfano hati ya mashtaka na amri ya mwisho ya hakimu, na sababu ya kuzitaka. Kisha ulipe ada ya nakala na kudai stakabadhi. Omba nakala iliyothibitishwa, yaani yenye mhuri wa mahakama na sahihi. Nakala isiyo na mhuri haina nguvu mbele ya ofisi nyingine.

Yafaa pia kujua kusoma amri ya mwisho, maana maneno yake hayalingani. Katika sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, mlalamikaji akiondoa malalamiko kwa kifungu cha 204, mshtakiwa huachiliwa huru kabisa, na hawezi kushtakiwa tena kwa jambo lile. Lakini mwendesha mashtaka akiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a), kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa huenda zake, ila aweza kushtakiwa tena baadaye. Wengi hutoka mahakamani wakicheka, wasijue wametoka kwa mlango upi. Jalada la mdogo wangu lilisema 204. Tulilisoma mara tatu.

Tuliichukua nakala yenye mhuri tukaipeleka kwa DCI, pamoja na barua ya kuomba kumbukumbu zisahihishwe. Hapo hatukuwa tunaomba hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu hicho hicho champa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaongeza kwamba ofisi ya serikali yapasa kutoa uamuzi katika muda wa siku 21, na kama jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Tena, na hili litawafurahisha wapenzi wa lugha yetu, sheria yasema maombi yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Barua yetu tuliiandika kwa Kiswahili. Ofisi ikikataa bila sababu ya haki, mtu aweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hapa Uganda pia mna sheria ya kupata habari, iliyotungwa mwaka 2005, nayo yataja muda wa siku 21. Cheti cha tabia njema hutolewa na polisi kwa njia ya idara yao ya Interpol iliyoko Kampala, na hapo pia vidole huchukuliwa.

Je, mambo ya mdogo wangu yalikwishaje? Kumbukumbu zilisahihishwa, na cheti cha pili kikatoka hakina doa. Lakini siku 14 zilikuwa zimepita zamani, na nafasi ile ya udereva alikwisha kupewa mtu mwingine. Alikaa karibu mwaka mzima bila kazi ya maana, akibeba mizigo sokoni, ndipo alipopata gari jingine la kuendesha. Hakuwa na hatia yoyote. Alikosa karatasi moja tu, ambayo siku ile ya furaha mwaka 2017 tungeweza kuipata kwa muda wa saa moja.

Kwa hiyo, vijana wangu, nawaachia shauri hili. Mtu wa nyumba yenu akipata kuwa na kesi, andikeni nambari ya kesi mahali pasipopotea. Kesi ikiisha, msiondoke mahakamani kwenda kusherehekea kabla hamjaomba nakala ya amri yenye mhuri. Kabla ya kutafuta kazi, ombeni cheti mapema, msingoje kuhesabiwa siku. Mkiona kosa, msinung'unike barazani. Andikeni barua, na mwekeni nakala yake. Wala msione haya kuuliza, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mdogo wangu sasa huiweka nakala ya amri ile katika lile lile kopo la Mama la maziwa ya unga. Mama haruhusu mtu yeyote kulihamisha.