Mwanao Kilaza? Mpe Kazi ya Kudai Chenji!

UKITAKA kuona mtoto anavyonyweshwa aibu kweupe, ngoja wageni waje. Mama mtu anaanza: “Huyu ndiyo mwenye akili zake, ila huyu mwingine, mh! Kilaza!” Wageni wanacheka, soda zinashuka, na kilaza mwenyewe kasimama hapo hapo na trei ya glasi. Halafu tunashangaa mbona akiulizwa na mwalimu anaangalia vidole vya miguu.

Mimi ninao wawili, wa kike miaka tisa na wa kiume sita. Nina dawa zangu ambazo mama watoto anasema ni uchizi mtupu, lakini zinafanya kazi, jamani.

Kwanza, tukipanda daladala nauli anashika binti. Makonda nao mnawajua, mtoto akidai chenji wanajifanya viziwi. Siku ya kwanza alidai kwa sauti ya mbu. Konda kimya. Nikamwambia arudie. Ya pili ilisikika mpaka siti ya nyuma: “Konda, chenji yangu!” Abiria wakamshangilia. Alishuka kituoni anatembea kama mbunge.

Wa kiume yeye ni mshauri wangu wa mavazi. Kuna harusi moja alinichagulia shati la maua, la kwenda ufukweni. Nikalivaa. Washikaji walinicheka mpaka keki inakatwa, lakini ningefanyaje? Ukimwomba mtu ushauri halafu ukautupa, umemwambia mawazo yake ni takataka, hata kama ana miaka sita.

Na ile ya wageni nimeitungia sheria: mzazi akimtangaza mtoto mbele ya watu, mtoto naye anapewa dakika moja kumtangaza mzazi. Basi siku hiyo shemeji zangu wakaambiwa baba anakoroma, na ukuta wa jikoni anaupaka rangi tangu Ramadhani. Toka hapo neno ‘kilaza’ limehama kwetu.

Ila msiende upande wa pili mkaanza kumwaga sifa kama mchele wa harusi. “We jiniasi, we jiniasi!” Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa utafiti wao juu ya watoto waliopewa mafumbo ya kufumbua. Baadhi walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa kujituma. Yalipoletwa mafumbo magumu, wote wakakwama. Waliporudishiwa mepesi, wale ‘wenye akili’ wakafanya vibaya kuliko mwanzo, wale wa kujituma wakapanda. Ukishapewa cheo cha jiniasi, kila kosa ni kama kufukuzwa kazi.

Kwa hiyo ripoti ya shule ikija, lile swali letu la “umekuwa wa ngapi?” kwangu linakaa mwisho wa foleni. Muhula uliopita binti alikuwa wa 41 kati ya 63. Bibi yake akashika kichwa. Mimi nikamuuliza ni hesabu zipi zilimsumbua. Akanitazama kwanza, kama ananipima, kisha akaenda kuleta daftari mwenyewe: hesabu za kugawanya. Tukakomaa nazo mpaka umeme ukakatika. Asubuhi, hata jogoo wa jirani hajawika, nikasikia mtu ananivuta shuka.

“Baba, amka. Ile ya saba nimeipata.”