Lugha ya Kompyuta ya Mishahara: Wanaoijua ni Wangapi?



Mwanzoni mwa mwaka 2025 mishahara ya kiwanda kimoja hapa Kigali ilichelewa siku 11. Januari ile mchango wa pensheni ulikuwa umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu ukilipwa na mwajiri na nusu na mfanyakazi, na programu ya mishahara ikawa haijui kukata kiwango kipya. Kamati ya wafanyakazi ilipokwenda kuuliza, iliambiwa kwamba fedha zipo benki, ila fundi aliyeiandika programu amehama nchi, nayo imeandikwa kwa lugha ya FoxPro. "Rwanda nzima hakuna mwingine anayeijua," meneja alisema. Wenzetu walirudi mikono mitupu.

Habari hiyo ilipotufikia tulijiuliza: yeye alijuaje? Aliwahesabu lini?

Kompyuta haielewi Kinyarwanda wala Kiswahili. Fundi huiandikia maagizo kwa lugha maalumu, na lugha hizo ni mamia. Baadhi zina mamilioni ya mafundi duniani, nyingine zina wachache tu. FoxPro ilienea katika ofisi nyingi za hesabu miaka ya 1990. Kampuni ya Microsoft ilitoa toleo lake la mwisho mwaka 2004, na mwaka 2015 ikaacha kabisa kulihudumia. Lakini programu haifi siku ile. Huendelea kukokotoa mishahara kimya kimya, mpaka siku kiwango kinapobadilika.

Sasa, wanaoijua tutawahesabuje? Sensa ya Agosti 2022 ilikuta nchini watu 13,246,394, lakini sensa haimwulizi mtu anajua lugha gani ya kompyuta. Utaratibu wa kupanga kazi wa Shirika la Kazi Duniani humweka mwandishi wa programu za matumizi katika namba 2514, basi. Lugha anayoandikia si shauri lake.

Wengine watasema, tuchague watu wachache tuwaulize, kama wanavyofanya wataalamu wa takwimu. Tuseme wajuzi wa FoxPro nchini ni 200. Hapo ni mtu mmoja katika kila watu 66,000. Ukihoji watu 20,000, ambayo si kazi ndogo, yaelekea hutampata hata mmoja. Utaandika sifuri, na sifuri hiyo itakuwa ya uongo.

Wapo pia wanaohesabu kwa intaneti. Kampuni ya TIOBE ya Uholanzi hupanga lugha kwa kutazama ni kurasa ngapi zinazozitaja. Sisi hatuoni kwamba njia hiyo inafaa kwa swali letu, kwa sababu inapima kelele. Karani wa mishahara pale Masoro aliyejifunza FoxPro miaka 20 iliyopita haandiki habari zake popote. Anafanya kazi, jioni anapanda basi kwenda nyumbani.

Njia inayofaa zaidi ilitoka kwa samaki. Mwishoni mwa karne ya 19 Johannes Petersen wa Denmark alikuwa akiwavua samaki, anawatia alama na kuwarudisha majini. Akivua tena, anatazama wangapi wana alama. Sisi badala ya nyavu tutumie orodha mbili. Ya kwanza tuwaulize wahasibu wa viwandani: mnamjua nani anayeandika FoxPro? Ya pili tuwaulize mafundi wanaotengeneza kompyuta mjini, bila kuwaonyesha ile ya kwanza. Tuseme ya kwanza ina majina 30, ya pili 24, na majina 6 yamo katika zote mbili. Hao 6 ni robo ya wale 24. Maana yake orodha ya kwanza ilinasa kama robo ya watu wote. Ikiwa 30 ni robo, wote ni karibu 120.

Lakini tahadhari. Kama waulizwa wote walisoma chuo kimoja, watataja marafiki wale wale, na hesabu itatoka ndogo kuliko ukweli. Kinyume chake pia hutokea. Nchi yetu iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Ikiwa orodha moja ni ya wazee waliosoma kwa Kifaransa, na nyingine ni ya vijana wa Kiingereza, majina hayatakutana sana, na hesabu itavimba bure.

Tena, "kuijua" ni nini? Anayebonyeza vitufe vya programu kila mwezi si sawa na anayeweza kuifungua na kuirekebisha. Kila jina liulizwe: mara ya mwisho uliandika lini?

Wakubwa nao hawana hesabu hiyo. Aprili 2020, watu wengi walipopoteza kazi Marekani, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani wajitokeze wanaojua COBOL, lugha iliyobuniwa mwaka 1959, maana mitambo ya malipo ya wasio na kazi ilizidiwa. Wafanyakazi walikuwa wakingoja fedha zao. Mafundi wengi walijitokeza, wakiwemo wastaafu. Walikuwepo siku zote.

Turudi kiwandani. Mlinzi wa zamu ya usiku alimkumbuka jirani yake wa Nyamirambo, karani mstaafu, mama mmoja aliyewahi kuandika FoxPro katika ofisi ya serikali. Alikuja na miwani yake na daftari, akarekebisha kwa siku 2. Alipoulizwa kama anawajua wengine, alitaja majina 4 kabla hajamaliza chai.

Kamati imeiandikia menejimenti ikitaka maagizo ya programu yahifadhiwe kwa nakala mbili, na majina ya mafundi wasiopungua watatu yabandikwe katika ofisi ya hesabu. Jibu halijafika.