Nguvu za Mwili Hujengwa kwa Desturi

Jua lichomozapo katika ufuko wa Dunga, kusini ya mji wa Kisumu, mashua zilizokesha Ziwani kuvua omena huwa zinarejea. Wavuvi hushuka majini, husukuma mashua hata nchi kavu, na kutoa nyavu zilizolowa. Wanawake wachuuzi huinua ndoo na mabeseni, huyapeleka mahali pa kuanikia, kisha huinama mara nyingi kuwatandaza samaki juani. Hakuna hata mmoja wao asemaye kwamba anafanya mazoezi ya mwili. Hata hivyo kazi hiyo ni mazoezi hasa: moyo huenda mbio, jasho hutoka, na misuli ya miguu, mgongo na mikono hutumika.

Lakini si wakazi wote wa Dunga na Kisumu wafanyao kazi ya namna hiyo siku hizi. Mashua nyingi huendeshwa kwa mashine badala ya makasia. Safari ya sokoni, ambayo mababu waliikata kwa miguu, sasa hufanywa kwa bodaboda au kwa matatu. Karani hukaa kitini tangu asubuhi hata jioni, na mwenye duka vivyo hivyo. Mambo haya ni maendeleo, wala hayastahili kulaumiwa. Ila kazi ile iliyoondolewa mikononi na miguuni ilikuwa na faida iliyofichika, na watu wengi hawakutia kitu kingine mahali pake.

Hasara yake imekwisha kuonekana. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, karibu robo ya watu wazima walikutwa na shinikizo la damu lililozidi kiasi, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa shinikizo hilo hata mara moja maishani mwao. Maradhi haya hayana maumivu mwanzoni. Mtu huenda kazini kama kawaida, hata siku moja anaanguka kwa kiharusi, na watu wa nyumbani wanabaki bila mtu wa kuwalipia karo na kodi.

KUANZA KWA KISHINDO

Mtu aonapo suruali inambana, au aambiwapo na muuguzi kwamba damu yake imepanda, aghalabu hushika mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza hupuuza. Wa pili huazimia kubadili maisha yake yote kwa siku moja.

Mfano wa huyo wa pili ni karani ambaye, siku ya Jumatatu, anaandika ratiba ya kukimbia kila siku saa 11 alfajiri. Ananunua viatu vya bei kubwa, analipa ada ya nyumba ya mazoezi, na anaagiza unga wa kuongeza nguvu uliotoka ng'ambo. Anaacha ugali kabisa. Anapima kila tonge, anasoma shauri jipya kila usiku, na kila shauri linapinga lile la jana. Juma la kwanza anafaulu. Juma la pili magoti yanamwuma. Juma la tatu kuna matanga nyumbani kwao, analala kwa jamaa siku nne, na ratiba inavunjika. Akirudi mjini anaona kwamba amekwisha kushindwa, basi anaacha yote. Fedha zimekwenda, na mwili wake ni ule ule.

Kosa lake si uvivu. Kosa lake ni kutengeneza mpango usioweza kustahimili matanga, mvua, au mwisho wa mwezi. Mwili wa binadamu hubadilika polepole. Moyo unaofanyishwa kazi kidogo mara kwa mara hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli inayotumika huchukua sukari kutoka katika damu vizuri zaidi. Lakini mtu akikaa majuma machache bila kufanya lo lote, faida hiyo huanza kupungua. Kwa sababu hiyo mazoezi madogo yanayoendelea mwaka mzima hushinda mazoezi makubwa ya mwezi mmoja.

HABARI YA WALIOTOKA ZIWANI

Watu wa upande wa Ziwa wamepata kuwa somo kwa madaktari wa dunia nzima katika jambo hili. Mwaka 1990 ilichapishwa Uingereza habari ya uchunguzi uliofanywa juu ya Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya wakulima vya magharibi ya Kenya, ambako shinikizo la damu lilikuwa la chini, wakaenda kukaa Nairobi. Wachunguzi waliwapima wahamiaji hao mara kadhaa katika muda wa miaka miwili, wakawalinganisha na wenzao waliobaki vijijini.

Matokeo yake yalionekana upesi. Katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa limezidi la wenzao wa nyumbani. Walikuwa wazito zaidi, na mapigo ya mioyo yao yalikuwa ya haraka zaidi. Mikojo yao ilionyesha kwamba chumvi katika chakula chao ilikuwa imezidi, ikilinganishwa na madini ya potasiamu yapatikanayo katika mboga, maharagwe na matunda.

Watu hao hawakubadili ukoo wala damu; walibadili desturi za kila siku. Na kama desturi za kawaida zinaweza kuharibu katika miezi michache, ni haki kutumaini kwamba desturi za kawaida zinaweza pia kusaidia.

MAKONDAKTA WA LONDON

Ushahidi mwingine ni wa zamani zaidi, nao watoka katika mabasi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet habari ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Wote wawili walifanya kazi katika basi moja, lakini maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva, na hata yalipowapata hayakuwa makali kama ya madereva.

Makondakta hao hawakuwa na ratiba ya mazoezi wala mwalimu. Walikuwa na ngazi tu, nao walizipanda kila siku ya kazi, mwaka hata mwaka.

KIASI KINACHOTOSHA

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri lake mwaka 2020. Mtu mzima yampasa apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, yaani mwendo ambao mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akipenda kukimbia au kufanya kazi nzito zaidi, dakika 75 hadi 150 zatosha. Tena afanye kazi ya kukaza misuli siku mbili au zaidi katika juma. Shirika hilo lilieleza pia kwamba hata dakika chache zina hesabu yake. Si lazima ziwe za mfululizo.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mkazi wa Dunga afanyaye kazi mjini aweza kuipata kwa kushuka bodaboda njiani na kumaliza safari kwa miguu, asubuhi robo saa na jioni robo saa. Mwenye duka aweza kutembea nusu saa kabla jua halijawa kali, kwa maana joto la Kisumu mchana huchosha upesi. Mvuvi na mchuuzi anayebeba mizigo amekwisha kupata sehemu kubwa ya haki yake kazini. Yeye ahitaji zaidi kupumzika na kulala vya kutosha kuliko kuongezewa mbio.

Kwa kukaza misuli, hakuna haja ya vyuma. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20, nalo limo katika karibu kila nyumba. Anayeanza na alijaze robo tu, aliinue kwa kukunja magoti wala si kwa kupinda mgongo, na aongeze maji kadiri nguvu zinavyozidi. Kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, na kujisukuma kwa mikono ukutani au chini, ni mazoezi mema vile vile.

CHAKULA CHA NYUMBANI

Katika chakula pia, watu wengi hutafuta mbali kitu kilicho karibu. Omena huliwa wazima pamoja na mifupa, na kwa hiyo huleta protini pamoja na madini ya kujenga mifupa. Osuga, dek, apoth na majani ya kunde huuzwa katika masoko ya Kisumu, nazo ni mboga zenye nguvu. Ugali wa mtama, maharagwe, na nyoyo ya mahindi na kunde ni vyakula vya kushibisha ambavyo havihitaji kusifiwa na tangazo lo lote.

Mambo machache tu yatosha kuangaliwa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mmoja kwa siku, yaani isifike kijiko kamili cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi na vikolezo vya mchuzi. Mboga na zijaze sehemu kubwa ya sahani kuliko zamani, na ugali upungue kidogo kwa mtu akaaye kitini. Samaki wa kukaanga asiwe wa kila siku. Wa kuchemsha ni mtamu vile vile. Soda na sukari nyingi katika chai zipunguzwe.

Hata wakimbiaji hodari wa Kenya, ambao wangeweza kununua chakula cho chote, hawakupata ushindi kwa vyakula vya ajabu. Wachunguzi waliopima chakula cha baadhi yao, na habari ikachapishwa mwaka 2004, walikuta ugali, wali, viazi, mkate, maharagwe, kabichi, maziwa na chai yenye sukari. (Sukari hiyo ilichomwa na mbio ndefu za kila siku, karani asiichukue kuwa ruhusa yake.) Eliud Kipchoge alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Miaka 16 baadaye, tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia mjini Vienna umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ijapokuwa muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi. Katika miaka mingi ya kati alifundishwa na mwalimu yule yule, Patrick Sang, na kila siku aliandika katika daftari kazi aliyoifanya.

MAMBO YA KUANGALIA

Atembeaye alfajiri au jioni karibu na maji, upande wa Dunga na Hippo Point, na ajihadhari na viboko, ambao hutoka majini usiku kula majani. Kuogelea kandokando ya Ziwa si njia njema ya kufanya mazoezi, kwa sababu ya kichocho na hatari nyingine. Penye magari, mtu atembee akiyakabili ili ayaone.

Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la damu, na mama mjamzito, na waulize zahanati kwanza kiasi kiwafaacho. Dawa zilizoandikwa na daktari zisiachwe kwa kuwa mtu ameanza kutembea. Apatwaye na maumivu ya kifua au kizunguzungu na asimame mara moja na kutafuta msaada. Na kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, hata kama hajisikii mgonjwa.

Mwisho, haifai mtu ajihukumu kwa siku moja. Matanga yatakuja, mvua za masika zitakuja, na kutakuwa na majuma ambayo hayatatoa zaidi ya dakika 40. Hilo si kushindwa. Lililo muhimu ni kwamba mvua ikikatika, mtu atoke tena kesho yake, kwa viatu vile vile na kwa njia ile ile. Wazee walisema kweli kwamba haba na haba hujaza kibaba, nao hawakusema kwamba kibaba hicho kilijazwa kwa siku moja.