Shukrani ya Mgonjwa Aliyepona



Mgonjwa akiwa kitandani huahidi mengi. Humuahidi Mola wake sala za usiku, na humuahidi muuguzi kuwa hatamsahau. Akishapona akarudi kwake, dunia humshika mkono, na ahadi hubaki kule kule wodini. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba asiyewashukuru watu huwa hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi na tumtazame mgonjwa mmoja ambaye ahadi yake haikumtoka maisha yake yote.

Mwaka 1276, amiri mmoja wa jeshi la Misri, jina lake Qalawun, alishikwa na msokoto mkali wa tumbo akiwa Dameski, katika nchi ya Sham. Wakati huo hakuwa sultani. Ujanani mwake aliwahi kununuliwa mtumwa. Matabibu walimtibu kwa dawa zilizotoka katika hospitali iliyojengwa mjini humo na Nur al-Din Zengi katika karne ya 12. Mwanahistoria al-Maqrizi asimulia kuwa Qalawun alipopata nafuu alipanda farasi akaenda kuiona kwa macho yake hospitali iliyomponya. Ikampendeza, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimruzuku utawala, naye atajenga.

Mwaka 1279 akawa sultani. Wangapi hufika hapo wakasahau? Yeye mwaka 1284 akaanza kujenga mjini Kairo hospitali, madrasa na kaburi lake, vyote pamoja, na kazi ikamalizika mwaka uliofuata. Akaifanyia hospitali ile wakfu mkubwa ili matumizi yake yasikatike, na mlango wake ukawa wazi kwa mkubwa na mdogo, muungwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke. Alipofariki mwaka 1290, alizikwa katika majengo yayo hayo. Jengo la kale limeharibika sehemu kubwa, lakini mahali pale palikuja kujengwa hospitali ya macho iliyobeba jina lake.

Haki yataka tuseme na hili: wako waliochukizwa na namna majengo yale yalivyojengwa, kwa kuwa watu walitumikishwa kwa nguvu. Nalo ni funzo, kwamba wema wa kumshukuru Mungu usipitie mgongo wa mnyonge.

Huenda dada msomaji akasema, “Huyo alikuwa sultani, mimi nina nini?” Namjibu kwa kumtaja Bibi Rufayda wa kabila la Aslam. Hakuwa na hazina wala jeshi. Alikuwa na hema penye msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, na humo alipelekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Bibi huyo aliwauguza majeruhi kwa mikono yake, akitaraji malipo kwa Mola wake. Ukitaka mfano wa hospitali ndogo ya mtaa, ndio huo.

Nasi hapa pwani tunazo zahanati na hospitali ndogo ambamo wana wetu walilia kilio chao cha kwanza. Tunazikumbuka tukiugua, tukipona twazipita kama tusiozijua. Deni hili laweza kulipwa kwa njia nyepesi.

Ya kwanza ni damu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi nchini Kenya, na damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu ikampa mtu. Mwenye afya njema, wa umri wa miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mja mzito na anayenyonyesha wangoje kwanza. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kutoa damu panapokuwa na haja, maadamu haiuzwi.

Ya pili ni sadaka yenye kuendelea. Wazee wetu waliweka wakfu minazi, nyumba na visima, na sisi tuna nini cha kutuzuia? Familia yaweza kuwakfu kodi ya chumba kimoja cha duka, au kununua tangi la maji, shuka au kiti cha magurudumu. Lakini muulizeni kwanza muuguzi mkuu kinachopungua, msije mkapeleka cha sita huku cha kwanza hakipo.

Ya tatu haina gharama. Mchukue mwanao mpaka hospitali aliyozaliwa, umwambie: “Hapa ndipo Mungu alipokutoa salama, na hawa ndio aliowafanya sababu.” Mtoto aliyefunzwa hivyo, mlango ule hatausahau akikua.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi zetu tukiwa wazima. Amin.