Pesa Imekatwa, Tokeni Hazijaingia: Usilipe Tena Kwanza

Saa tatu usiku, tokeni zimeisha na nyumba ni giza. Unanunua za shilingi 500, SMS inasema pesa imetoka, lakini tokeni hazionekani. Unataka kulipa tena. Ngoja kwanza, tukueleze kinachoendelea.

Mfumo wetu na ule wa kampuni ya stima haiongei moja kwa moja. Katikati kuna programu inayopokea ujumbe, kuangalia unakoenda na kuupeleka. Ni kama ofisi ya vifurushi pale steji. Ukituma viatu Kisumu, karani hafungui mzigo. Anasoma tu maandishi ya juu: jina, namba ya simu na mahali pa kushukia.

Ujumbe wa malipo pia uko hivyo. Katika mtindo unaoitwa SOAP, ambao mifumo mingi ya kampuni na benki huutumia, ujumbe hukaa ndani ya bahasha yenye sehemu mbili. Mwili hubeba malipo yenyewe: kiasi na namba ya mita. Heda hubeba maelezo ya safari, kwa mfano:

- Namba ya kipekee. Mtandao ukikatika na mfumo ukatuma ujumbe uleule tena, upande wa pili unaitambua namba hiyo na hauhesabu malipo mara mbili.
- Sahihi ya kidijitali. Inaonyesha ujumbe umetoka kwetu na haujaguswa njiani.
- Muda. Ujumbe uliopitwa na muda wake hukataliwa, ili mwizi asiunakili na kuutuma baadaye.

Programu ya katikati husoma heda zinazoihusu na kupitisha zile nyingine zilivyo. Ikiangusha namba ya kipekee, jibu lenye tokeni hurudi bila kujulikana ni la nani. Pia kuna heda zenye alama ya kwamba ni lazima zieleweke. Mfumo usiozielewa unatakiwa kukataa ujumbe wote, sio kubahatisha na pesa zako.

Sasa, mbona tunasema usilipe tena? Kwa sababu mifumo ikirudia, inarudia kwa namba ileile. Wewe ukilipa tena kwa simu, huo ni muamala mpya wenye namba mpya. Hakuna mfumo utakaojua ulimaanisha ule wa kwanza. Utakuwa umenunua mara mbili.

Kwa hivyo:

1. Usifute ile SMS. Namba ya muamala ndiyo tunayotumia kutafuta ujumbe umekwama wapi.
2. Hakikisha namba ya mita uliyoweka ni sahihi.
3. Tokeni zikichelewa, pigia huduma kwa wateja kwa namba rasmi na utaje namba ya muamala.
4. Usimpe mtu yeyote PIN yako. Kufuatilia malipo hakuhitaji PIN, na sisi hatutakuuliza kamwe.